Likizo Kubwa na Kusoma kwa Pamoja



Shule zimefungwa, na watoto wetu wamerudi nyumbani na karatasi zao za alama. Waliofaulu wamepongezwa, walioshindwa wamekaripiwa, na sasa mambo hayo yamekwisha. Hapa Lubumbashi tumo katikati ya kiangazi: asubuhi baridi inauma, vumbi limelala juu ya majani ya miembe, na jua la alasiri ni la upole. Kutoka mwanzo wa Julai mpaka mwanzo wa Septemba ni majuma kama manane, nayo ni muda mrefu kwa mtoto. Mvulana aliyesoma ukurasa mzima bila kusitasita mwezi wa Juni, mara nyingi hurudi darasani mwezi wa Septemba akifuata mstari kwa kidole kama mtu aliyeanza jana. Kila mwalimu wa darasa la tatu au la nne analijua jambo hilo.

Basi leo nataka tuzungumze juu ya saa zetu za mapumziko, za sisi wakubwa kwanza na za watoto baadaye, maana watoto hutuiga. Tena nitawapa habari za siku tatu za kusoma zilizofanyika katika mtaa mmoja wa Katuba, likizo kubwa ya mwaka jana. Zilikuwa sikukuu ndogo, bila bendera wala ngoma, lakini zilinifurahisha kuliko nilivyotazamia.

Nianze na jambo linalochekesha kidogo. Vijana wanaotafuta kazi huandika karatasi ya maelezo yao, na mwishoni mwa karatasi hiyo huwa kuna mahali pa kutaja mambo wanayoyapenda wakati wa mapumziko. Nimesahihisha karatasi nyingi za namna hiyo, kwa kuwa vijana huniletea niwatazamie Kifaransa chao. Karibu wote huandika maneno yale yale matatu: kusoma, michezo, muziki. Nami huwauliza, “Kitabu gani ulichokisoma mwaka huu?” Hapo kijana hutazama chini, au hucheka. Sisemi kwamba ni mwongo. Nadhani ameliandika lile neno “kusoma” kama mtu avaavyo shati safi kwenda kwa mgeni: anajua kwamba ni jambo la heshima, ila halimo katika siku zake. Na michezo aliyoitaja ni kutazama mpira katika televisheni ya jirani. Muziki nao ni kusikia ule unaopigwa kwenye nganda ng'ambo ya barabara, apende asipende.

Hapo ndipo swali langu linapotoka. Yale tunayoyaita mapendeleo yetu, je, tuliyachagua? Au yalitukuta tumekaa, nasi tukayaacha yakae pamoja nasi?

Zamani kijijini swali hili lisingekuwa na maana. Saa za kazi na saa za mazungumzo zilichanganyika: mtu alisuka mkeka huku akisimulia, alichunga moto huku akifumbua vitendawili, na wazee walicheza kisolo kivulini wakisikiliza shauri la kijiji. Mji ulileta mambo mengine. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mwaka huo huo reli ilifika kutoka kusini, na mwaka 1911 tanuru ya kuyeyushia shaba ikawashwa. Watu waliletwa kutoka pande nyingi, wakapewa kazi yenye saa ya kuanza na saa ya kwisha. Na baada ya ile saa ya kwisha pakawa na pengo. Mtu yuko mbali na shamba la baba yake, yuko mbali na wazee wake, amevua nguo za kazi, jua bado halijazama. Afanye nini?

Pengo hilo lilijazwa na watu waliofikiri. Mwaka 1939 Wabenedikto waliosimamia Institut Saint-Boniface waliwaundia vijana timu ya mpira, ikaitwa Saint-Georges. Ulikuwa mchezo wa wanafunzi baada ya masomo, basi. Timu ile ilibadilisha jina zaidi ya mara moja, ikawa Englebert, ikawa Mazembe, na ninyi nyote mnajua yaliyofuata: kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha tena 2009, 2010 na 2015, na mwaka huo wa 2010 ilifika fainali ya dunia ya vilabu huko Abu Dhabi. Siku hizi mtoto wa Kamalondo hudhani mpira ulizaliwa pamoja na mji, kama ile milima ya masalio ya shaba. Sivyo. Ulipandwa. Kuna mtu aliyeleta mpira, kuna aliyechora mistari ya chokaa uwanjani, kuna aliyepanga saa ya mazoezi. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa kwaya ile ya wavulana iliyojulikana kwa jina la Msalaba wa Shaba, ambayo sifa zake zilivuka mipaka ya nchi.

Nami nasema: kama mpira ulipandwa ukaota, kusoma nako kunaweza kupandwa. Tena udongo wa kwetu si mgeni kwa mbegu hiyo, kama nitakavyowaonyesha.

Sasa turudi Katuba. Shauri lilianzishwa na akina mama wawili na walimu wachache wa shule ya msingi. Walikusanya vitabu kutoka nyumba hadi nyumba, navyo havikupita hamsini: vitabu vya shule vilivyochanika jalada, hadithi chache za Kifaransa, vitabu vidogo vya Kiswahili vilivyochapwa Dar es Salaam na Nairobi, maisha ya watakatifu, kitabu kimoja cha mapishi, na kamusi isiyo na herufi A. Wakaomba uwanja wa parokia kwa siku tatu, saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja. Saa hiyo ilichaguliwa kwa akili. Asubuhi ni baridi na wasichana wako kwenye maji na sokoni. Usiku umeme hukatika, na mshumaa ni fedha. Saa tisa wasichana huwa wamekwisha kurudi, na mwanga wa kutosha bado upo. Naomba mnaopanga mambo ya vijana mliangalie hilo, maana mara nyingi tunapanga saa inayowafaa wavulana tu, kisha tunasema wasichana hawapendi kusoma.

Siku ya kwanza watoto walikuja kwa sababu waliona wenzao wanakwenda. Wengine walikuja na bidoni za maji, wakazipanga ukutani, wakakaa “kidogo tu”. Kanuni ilikuwa moja: kila msomaji anasoma kwa sauti, na wengine wanasikiliza. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa pembeni na kitabu peke yake mpaka saa ya mwisho. Mwanzoni kanuni hiyo sikuielewa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilifundishwa seminarini kusoma kimya, kila mtu mezani pake. Lakini akina mama wale walikuwa na sababu mbili. Kwanza, vitabu vilikuwa vichache na watoto wengi. Pili, mtoto anayesoma vibaya hujificha nyuma ya kitabu. Anageuza kurasa, na hakuna ajuaye.

Mvulana mmoja wa darasa la sita alisimama, akasoma Kifaransa vizuri kabisa, bila kukwama, na sauti yake ilikuwa ya kupendeza. Watu wakapiga makofi. Kisha mama mmoja aliyekuwa akichambua maharagwe akamwuliza, “Mwanangu, amesema nini huyo wa kitabuni?” Mvulana akanyamaza. Alikuwa amesoma sauti za maneno, na maneno yenyewe yalipita juu ya kichwa chake kama ndege. Sitaki kumlaumu mtoto, wala walimu wake. Tangu mwaka 2019, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi, na mwalimu mwenye watoto wengi namna hiyo hushukuru tu kwamba wanasoma kwa sauti moja. Lakini kama yule mama asingeuliza, sisi sote tungalirudi nyumbani tukisema kijana yule ni msomaji.

Siku ya pili ikaja hadithi ya Kiswahili, mojawapo ya zile za kutoka Dar es Salaam. Msichana akasoma: “Watoto walikuja.” Vicheko vikavuma uwanja mzima. Kwa nini? Kwa sababu nyumbani kwao, na kwetu sote hapa Lubumbashi, husemwa “batoto balikuya”. Kile Kiswahili cha kitabu kiliwasikikia kama mtu anayejikaza kwa makusudi. Mtoto mmoja akauliza kipi ndicho Kiswahili cha kweli, na wakubwa wakaanza kubishana. Mwashi mmoja akasema cha kwetu kimeharibika. Mama mmoja akamjibu kwamba yeye amezaa watoto saba kwa Kiswahili hicho kilichoharibika, na wote wanamwelewa anapowaita kula bukari.

Mimi nina maoni yangu katika jambo hili, nanyi mnisamehe nikiyasema. Kiswahili cha vitabu, ambacho ndicho ninachowaandikia sasa, ni barabara kuu. Kwa barabara hiyo mtoto wa Lubumbashi atasoma gazeti la Mombasa na kuandika barua Bujumbura. Yafaa ajifunze, tena mapema. Lakini kile cha nyumbani ni ua wa nyumba yake, na hakuna ajengaye barabara kwa kubomoa ua wa mwenyewe. Hata Wafaransa hawasemi nyumbani kama wanavyoandika. Mtoto anayecheka “watoto walikuja” amekwisha kufanya jambo kubwa: amesikia tofauti. Baada ya dakika kumi walikuwa wakishindana kugeuza kila sentensi, kutoka ya kitabu kwenda ya nyumbani, na kutoka ya nyumbani kurudi ya kitabuni. Na hakuna aliyewaambia kwamba hilo ni somo la sarufi.

Tena watoto wetu wajue kwamba Kiswahili cha mji huu kimeandikwa. Mwaka 1965 mtu mmoja aitwaye André Yav, akiwaandikia wenzake waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu, alitunga historia ya mji wa Elisabethville, kama ulivyoitwa wakati huo. Jina la kitabu ni la Kifaransa, Vocabulaire de Ville de Elisabethville, lakini ndani yake ni Kiswahili cha hapa. Ni historia kama ilivyoonekana na watu waliopika chakula, waliopiga pasi na kusikia mengi mezani bila kuulizwa neno. Kilitolewa kwa mashine ya ofisini, nakala zake zikawa chache. Baadaye kikafika mikononi mwa mtaalamu Johannes Fabian, aliyepata kufundisha hapa, naye akakitoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Sikilizeni basi jambo lililonigusa. Maneno yaliandikwa kama yalivyosemwa, mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa, na vituo ni vichache. Hata mtaalamu akikitazama kwa macho tu, maana ilimponyoka. Ilibidi Kalundi Mango, aliyekijua Kiswahili hiki, akisome kwa sauti. Kiliposikika, kikaeleweka.

Nilipowasimulia watu wa Katuba habari hiyo, mzee mmoja mstaafu wa Gécamines alitikisa kichwa kama mtu anayesikia jambo la kawaida. Kesho yake, yaani siku ya tatu, alikuja na mfuko wa nailoni. Akautoa kwa uangalifu mwingi, na ndani yake yalikuwamo magazeti matatu ya Mwana Shaba. Wakubwa wataikumbuka Mwana Shaba. Ilianzishwa mwaka 1957 na Union Minière kwa ajili ya wafanyakazi wake, na katika miaka ya 1960 ikapata mdogo wake, Mwana Shaba Junior, gazeti la watoto lenye hadithi za picha. Najua, gazeti la kampuni husifu kampuni, wala halisemi yale yanayoiumiza. Lakini liliingia nyumbani. Mzee yule aliniambia hivi:

“Mwalimu, sisi hatukusoma peke yetu. Gazeti lilikuwa moja, na nyumba zilikuwa sita. Baba yangu alisoma, majirani wakasikiliza, na asiyekubali alisema papo hapo. Mara nyingine ukurasa mmoja ulitumaliza jioni nzima.”

“Na watoto, Papa?”

“Watoto tulingoja ile yenye picha. Nayo pia tulisoma kwa zamu, mkubwa anashika, wadogo wanatazama begani pake.”

Kisha akasimama, akavaa miwani, akasoma. Sikumbuki sana alisoma habari gani. Nadhani ilikuwa juu ya bustani za mboga. Nakumbuka kwamba wacheza dame, wale wanaume wanne ambao kila alasiri hukaa nje ya ukuta wa parokia na ubao wao na vizibo vya chupa, walisogeza ubao wao mpaka mlangoni, na baadaye wakauacha.

Miongoni mwao alikuwamo yule mwashi niliyemtaja. Baada ya kusoma kwisha aliniambia maneno ambayo nimeyafikiri mara nyingi. Alisema amecheza dame pale ukutani miaka kumi na mitano. Mtu akimwuliza mchezo anaoupenda, hujibu “dame”. “Lakini leo,” akasema, “nimejiuliza kama ninaupenda, au ninapenda tu kutokuwa nyumbani saa ile.” Akacheka, lakini hakuwa akitania. Akaomba kuazima kitabu, na alichokichagua ni kile cha mapishi, kwa sababu, alisema, ndicho pekee ambacho mke wake angetaka kusikia. Msidhani aliacha dame. Bado anacheza, na bado hunishinda. Ila siku mbili za juma hayupo ukutani, na wenzake wanajua alipo.

Kuhusu mke wake, na wanawake kwa jumla, sharti niseme jambo ambalo kurasa za namna hii hulipita haraka. Tukisema “mapumziko”, mara nyingi tunasema juu ya wanaume. Mama mmoja aliniambia waziwazi, “Mwalimu, mimi sina mchezo. Nina kazi, na nikimaliza kazi nina usingizi.” Ni kweli tupu. Kutwanga sombe na kuipika mpaka iive ni alasiri nzima; maji, moto, nguo, biashara ndogo mlangoni, na mtoto mgongoni. Kumwambia mama huyo “soma kitabu wakati wa nafasi yako” ni kumdhihaki. Lakini kumsomea inawezekana. Mama huyo hakumaliza shule ya msingi. Mwaka jana, baada ya zile siku tatu, binti yake wa darasa la tano alianza kumsomea wakati anapotwanga, ukurasa mmoja, kurasa mbili. Hadithi ilipokwisha, mama aliwasimulia majirani, na wote walikubali kwamba ameisimulia vizuri kuliko ilivyoandikwa. Binti naye, aliporudi shuleni Septemba, hakufuata mstari kwa kidole.

Mtu mwingine ataniambia kwamba siku hizi kila kitu kimo katika simu, na vitabu ni mambo ya kale. Simu si adui. Mna vitabu ndani yake, na kijana mmoja wa kwetu alisoma hadithi nzima kutoka simuni mwake bila kukosea. Lakini simu moja hutazamwa na mtu mmoja, na mara ujumbe ukiingia, msomaji amekwenda. Tena simu huchagua kwa niaba yetu. Tunaifungua kutafuta jambo moja, na saa inapita tukitazama kumi tusiyoyatafuta. Swali langu la kwanza lilikuwa hilo hilo.

Wala tusidhani kwamba ni sisi peke yetu tunaohangaika. Marekani, maktaba za miji zimewakusanya watoto kusoma wakati wa likizo ya kiangazi tangu miaka ya 1890. Karibu nasi zaidi, nchini Kenya, tangu mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa limekuwa likipeleka vitabu kwa ngamia katika nchi kavu za kaskazini mashariki, kwa watoto wa wafugaji ambao gari haliwafikii. Na mjini Nairobi iko maktaba ya McMillan, jengo la nguzo kubwa lililofunguliwa mwaka 1931, ambamo kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia na kusoma. Mwaka 1917? La, mwaka 2017, karne nzima karibu baadaye, wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk ili kuitengeneza upya pamoja na matawi yake mawili, la Kaloleni na la Makadara, yaliyo katikati ya mitaa ya watu wa kawaida. Wakaanza na yale matawi ya mitaani. Na sikukuu ya vitabu ya mji imewahi kufanyika humo, wakaja watoto na wazee wa mtaa. Ninaipenda habari hiyo kwa sababu hawakungoja jengo kubwa likamilike.

Wengine husema pia kwamba vitabu si jambo la kwetu, kwamba waandishi huzaliwa mbali. Hapo nawajibu kwa majina mawili. V. Y. Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 Likasi, ambayo wakati huo iliitwa Jadotville. Alipata kuwa mtawa wa Kibenedikto katika ujana wake, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na vitabu vyake vinasomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Riwaya yake Entre les eaux ya mwaka 1973 ni juu ya padre anayejiunga na waasi, nayo inauliza maswali ambayo mseminari yeyote atayatambua. Alifariki mwaka 2025. Wa pili ni Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 1981, na ambaye riwaya yake Tram 83 ya mwaka 2014 imefasiriwa katika lugha nyingi. Hicho cha pili si kitabu cha watoto, nami sitampa mwanafunzi wangu wa shule ya msingi, hata akinisihi. Lakini yafaa ajue kwamba mtu aliyekiandika aliikanyaga mitaa hii hii.

Neno moja kwa walimu wenzangu na kwa wazazi wenye bidii kupita kiasi. Siku ya pili, mmoja wetu alipendekeza tuwape watoto mtihani mdogo mwishoni, na zawadi kwa wa kwanza watatu. Wazee walikataa. Mzee yule wa Mwana Shaba alisema, “Mtoto amepimwa tangu Septemba. Mwacheni ale bila kuhesabiwa matonge.” Biskuti zilizonunuliwa kwa ajili ya washindi ziligawiwa kwa wote, na mtihani haukufanywa. Mkija kufanya jambo hili katika mitaa yenu, huko Ruashi au Kampemba au Kenya, kumbukeni hilo. Anayetaka kuuliza na aulize kama yule mama wa maharagwe, kwa kuwa anataka kujua.

Mengine ni mepesi. Vitabu thelathini vinatosha. Wasomaji wazuri watatu wa kuanzisha wanatosha, na mmoja wao awe mzee. Kitabu kirefu kisisomwe siku ya kwanza. Anayeazima aandikwe jina katika daftari, na daftari ashike mama ambaye watu wanamwogopa kidogo; huko Katuba vitabu viwili tu havikurudi, na kimoja wapo tunajua kilipo.

Mwaka huu wameamua kuanza tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi. Asubuhi ya siku hiyo wengi wetu huenda makaburini kufagia na kuweka maua juu ya waliotutangulia, na alasiri huwa ni ya wazazi walio hai. Basi saa tisa, katika uwanja ule ule, kila mtoto atamsomea baba au mama yake, au bibi yake, au yeyote aliyemlea, na kila mzazi ajuaye kusoma atamsomea mtoto. Wataendelea siku tatu zinazofuata. Benchi zipo, lakini mikeka haitoshi, na vitabu vya Kiswahili vya watoto wa darasa la kwanza na la pili bado ni vitatu tu. Wenye navyo wavipeleke mapema kwa katekista, na wenye mikeka waje nayo.